Mtoto ana pasipoti, mama hana: sheria zinasemaje?

Kuna usemi umezoeleka saluni, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya Waswahili walioko ughaibuni: ukishazaa huko, makaratasi umepata. Dada anayekaribia kujifungua anashauriwa asirudi nyumbani kwanza. Kaka aliyezaa na raia anapewa hongera kana kwamba kibali kiko mfukoni. Miaka inapita, mtoto anaanza shule, pasipoti yake ya bluu iko kabatini, na mama bado anabeba boksi kwa kulipwa mkononi kwa sababu hana ruhusa ya kufanya kazi.

Si Marekani wala Uingereza yenye sheria inayosema kwamba mzazi wa raia naye ni mkaazi halali. Uraia ni wa mtoto. Kinachomfikia mzazi ni nafasi ya kuomba, na kila nchi imeipangia nafasi hiyo umri wake. Hapo ndipo watu wanapopotezana, maana ushauri uliomfaa binamu aliyeko Houston unaweza kumharibia kabisa dada aliyeko Reading. Marekani inauliza kama mtoto amekua kiasi cha kumdhamini mzazi wake. Uingereza inauliza kama mtoto bado ni mdogo kiasi cha kumhitaji. Kule mama anahesabu miaka hadi mwanawe afike 21. Huku anahesabu iliyobaki kabla hajatimiza 18.

Marekani: umri, na mlango ulioingilia

Anayezaliwa kwenye ardhi ya Marekani ni raia kwa mujibu wa Marekebisho ya 14 ya Katiba, yaliyopitishwa mwaka 1868. Mwaka 1898 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba haki hiyo inawahusu hata watoto wa wageni, katika kesi ya Wong Kim Ark, aliyezaliwa San Francisco na wazazi Wachina. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Trump alisaini amri ya kuwanyima uraia huo watoto wa wazazi wasio na makaratasi na wale walioko kwa viza za muda. Majaji waliizuia, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu. Mabishano hayo yote yanahusu uraia wa mtoto. Ya mzazi ni habari nyingine, na yalikuwa magumu hata kabla ya amri hiyo kuandikwa.

Mtoto raia anaweza kumwombea baba au mama yake kadi ya kijani, ile watu wanayoiita grinikadi, akishatimiza miaka 21. Si 18, ingawa kwa mambo mengine mengi mtu wa miaka 18 anahesabiwa mtu mzima. Anajaza fomu I-130 kuthibitisha undugu, kisha anatia saini kwamba ataweza kumtunza mzazi, akionyesha kipato kisichopungua asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kinachotangazwa kila mwaka. Kipato kisipotosha, mtu mwingine anaweza kuongeza udhamini wake. Jambo zuri ni kwamba mzazi wa raia yumo kwenye kundi la ndugu wa karibu kabisa, ambalo halina kikomo cha idadi kwa mwaka. Ndugu wa tumbo moja, kwa kulinganisha, husubiri kwenye foleni inayoweza kuchukua miaka zaidi ya kumi na tano.

Mtu akisikia hivyo anaona yameisha: vumilia miaka 21, mtoto aombe, basi. Lakini sheria inauliza swali la pili, na hilo ndilo linalowakwamisha wengi. Uliingiaje?

Tuchukue akina mama wawili wa mfano. Rehema alishuka uwanja wa ndege wa New York na viza ya matembezi, ofisa akamgongea muhuri, muda ukaisha, akabaki. Salama alipita njia za panya kwenye mpaka wa Mexico. Wote wawili wamezaa, wamefanya kazi bila kibali, wameishi miaka zaidi ya ishirini, na watoto wao wanatimiza 21 wiki moja. Rehema anaweza kuomba kadi ya kijani akiwa humo humo Marekani. Kwa mzazi wa raia, sheria inasamehe kupitiliza muda wa viza na kufanya kazi bila ruhusa, mradi kuingia kwake kulikuwa halali. Muhuri mmoja kwenye pasipoti ya zamani, au rekodi ya kuingia inayopatikana mtandaoni, ndiyo inayomtofautisha na mwenzake. Ukiwa na pasipoti iliyokwisha muda yenye muhuri wa namna hiyo, usiitupe.

Salama hana muhuri. Kwa kawaida yeye lazima atoke nje ya Marekani akahojiwe ubalozini, na akitoka tu anaangukiwa na adhabu iliyowekwa na sheria ya mwaka 1996. Aliyekaa bila kibali zaidi ya siku 180 lakini chini ya mwaka mmoja anazuiliwa kurudi kwa miaka 3. Aliyekaa mwaka mmoja au zaidi, miaka 10. Yaani anaambiwa njoo uchukue haki yako, na kuja kwenyewe ndiko kunakomfungia mlango.

Kuna msamaha wa adhabu hiyo, lakini sharti lake ni kuonyesha kwamba mwombaji akizuiwa, ndugu fulani aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata taabu kubwa isiyo ya kawaida. Ndugu wanaohesabiwa ni mume, mke, baba au mama wa mwombaji. Mtoto hayumo. Mtoto yule yule aliyejaza fomu, ambaye uraia wake ndio msingi wa ombi zima, machozi yake hayana uzito katika kipengele hicho. Salama akiwa na mume raia, au mama yake mzazi akiwa na kadi ya kijani, ana pa kushika. Akiwa na watoto peke yao, hana. Nimejaribu kutafuta mantiki ya kipengele hiki na sijaiona. Ila ndiyo sheria ilivyo, na anayeuza matumaini kinyume chake anakuibia.

Hali huwa mbaya zaidi kwa aliyewahi kuondoka kisha akarudi tena kwa njia za panya. Huyo, akiwa tayari alikaa bila kibali zaidi ya mwaka kwa jumla, au aliwahi kuondolewa nchini, anaweza kukuta amefungiwa moja kwa moja, na ruhusa ya kuomba kurudi haianzi kufikiriwa mpaka akae nje miaka 10.

Miaka 21 ya kusubiri nayo si kinga. Mama anaweza kukamatwa mwanawe akiwa darasa la tatu. Akifikishwa mbele ya jaji wa uhamiaji, mtoto ndipo anapoanza kuhesabiwa. Upo utetezi wa kuomba uamuzi wa kuondolewa ufutwe na mtu apewe kadi ya kijani. Lazima awe ameishi Marekani miaka 10 mfululizo kabla ya kupewa hati halali ya kuitwa mahakamani, awe na mwenendo mzuri, asiwe na makosa fulani ya jinai, na aonyeshe kwamba mume, mke, mzazi au mtoto wake aliye raia au mkaazi wa kudumu atapata taabu ya kipekee na iliyopita kiasi. Maneno hayo yanasomwa kwa ukali. Kwamba mtoto atalia, atahama shule, ataishi maisha duni zaidi Tanga au Kisumu, yote hayo mahakama huyaona ni matokeo ya kawaida ya kuondolewa kwa mzazi. Kinachosikilizwa zaidi ni mtoto mwenye ugonjwa mzito, mwenye ulemavu unaohitaji matibabu au elimu maalumu isiyopatikana nyumbani, au mzazi wa pekee ambaye hana kabisa mtu wa kumpokea anakorudishwa. Na hata wakishinda wengi, wanaoweza kupewa nafuu hiyo hawazidi 4,000 kwa mwaka nchi nzima. Mwaka 2024, katika kesi ya Wilkinson, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama za rufaa zinaweza kupitia jinsi jaji alivyopima taabu hiyo. Ni mlango mdogo, lakini kabla ya hapo kwa wengi ulikuwa umefungwa.

Halafu angalia umri unavyochezeana na watu. Katika utetezi huu mtoto anahesabiwa akiwa chini ya miaka 21 na hajaoa wala kuolewa. Siku anapotimiza 21, anaacha kuwa "mtoto" wa kumwokoa mama mbele ya jaji, na anakuwa mtu mzima wa kumwombea kadi. Kwa Rehema huo ni ukombozi. Kwa Salama ni kupoteza silaha moja na kupewa nyingine asiyoweza kuitumia.

Mawili mengine huwa yanasahaulika. La kwanza, ombi la mtoto kwa mama halibebi ndugu zake waliozaliwa nje. Mama akipata kadi ndipo aanze kuwaombea yeye mwenyewe, kwenye foleni nyingine. La pili linawahusu akina baba ambao hawakufunga ndoa: cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba hakitoshi peke yake. Baba lazima aonyeshe kwamba alimhalalisha mtoto kisheria, au kwamba alikuwa na uhusiano wa kweli wa kumlea kabla mtoto hajatimiza 21. Risiti za ada na pesa za matumizi zilizotupwa leo ndizo zitakazotafutwa kwa tochi miaka ishirini baadaye.

Kwa anayepanga kusafiri mahususi akajifungue huko: tangu Januari 2020 kanuni za viza za Marekani zinamtaka ofisa wa ubalozi akatae viza ya matembezi akiamini lengo kuu la safari ni kumpatia mtoto uraia. Na kwa wazazi wanaosubiri nyumbani Tanzania, tangazo la Desemba 2025 liliiingiza nchi kwenye orodha ya vizuizi vya viza kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo hata mwenye mtoto wa miaka 25 aulize hali ya sasa kabla ya kulipa ada yoyote.

Uingereza: kesi ya mama Mtanzania

Kwanza tuondoe dhana moja. Kuzaliwa Uingereza si kuwa Mwingereza. Tangu tarehe 1 Januari 1983, mtoto anayezaliwa huko anakuwa raia iwapo wakati huo mzazi wake mmoja ni raia au ana ukaazi wa kudumu. Mtoto wa wazazi wawili wasio na makaratasi, aliyezaliwa Leicester na asiyejua lugha nyingine zaidi ya Kiingereza, si raia siku ya kuzaliwa. Akiishi huko miaka 10 ya mwanzo ya maisha yake anapata haki ya kusajiliwa kuwa raia. Akifikisha miaka 7 ya kuishi mfululizo, sheria inaanza kumtazama karibu sawa na raia pale mzazi wake anapopigania kubaki.

Sasa kesi. Tarehe 1 Februari 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilitoa hukumu inayojulikana kama ZH (Tanzania), herufi mbili badala ya jina ili kuwalinda watoto. Mama huyo alifika Uingereza Desemba 1995 akiwa na miaka 20. Aliomba hifadhi mara tatu, mara moja kwa jina lake na mara mbili kwa utambulisho wa uongo akijifanya Msomali. Kwa lugha ya mtaani, alijilipua. Maombi yote yalikataliwa. Katikati ya hayo alipendana na Mwingereza, wakazaa binti mwaka 1998 na mvulana mwaka 2001, wote raia. Mwaka 2005 wazazi wakaachana, lakini baba aliendelea kuwaona wanawe.

Ngazi za chini zilisema mama aende. Watoto wangeweza kumfuata Tanzania, au wabaki na baba yao, ambaye afya na hali yake havikuwa vya kutegemewa. Hoja ilikuwa kwamba mama aliudanganya mfumo, na watoto aliwazaa akijua hana haki ya kukaa. Mahakama ya Juu iligeuza meza. Lady Hale, aliyeandika hukumu kuu, alisema maslahi ya mtoto lazima yatangulie kuangaliwa, kama Mkataba wa Haki za Mtoto unavyotaka. Hayashindi kila kitu, lakini hayawekwi mwisho wa mstari. Uraia wa mtoto si turufu, ila una uzito wa pekee: hawa ni watoto wenye haki ya kukua katika nchi yao, kusoma humo, kuzungumza lugha yake, na kuwa karibu na baba yao. Makosa ya mama hawakuyafanya wao, na si haki wayalipe. Mama akabaki.

Hukumu ile haikusema kila mama wa mtoto Mwingereza abaki, lakini ilibadilisha mpangilio wa maswali. Kabla yake maofisa walianza na tabia ya mama, kisha wakamwangalia mtoto. Baada yake wanatakiwa kuanza na mtoto. Bunge lilipoandika upya sheria mwaka 2014, lilitaja wazi kwamba kwa mzazi asiye mhalifu, maslahi ya umma hayadai aondolewe iwapo ana uhusiano wa kweli na unaoendelea na mtoto aliye raia au aliyeishi miaka 7, na si jambo la busara kumtarajia mtoto huyo aondoke Uingereza. Mwaka 2018, katika kesi ya KO (Nigeria), Mahakama ya Juu ikaongeza kwamba katika kupima busara hiyo mtoto asibebeshwe dhambi za mzazi, ila hali halisi iangaliwe: kama wazazi wote wawili hawana haki ya kukaa, kwa kawaida mtoto anatarajiwa kuwa walipo wao. Hapo ndipo mtoto wa miaka 7 asiye raia anapokuwa na kesi ngumu kuliko yule ambaye mzazi wake mmoja ni Mwingereza.

Njia ya mzazi, na bei yake

Kanuni za uhamiaji za Uingereza zina kitu kinachoitwa njia ya mzazi, na jina hilo linapotosha. Si ya kila mzazi. Kama unaishi kama mke na mume na baba au mama wa mtoto aliye raia, hiyo si njia yako. Unatakiwa uombe kama mwenzi, na kwa kawaida hapo kuna sharti la kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, lililoanza Aprili 2024. Njia ya mzazi ni ya walioachana, wasiowahi kuishi pamoja, au waliobaki na mtoto peke yao. Mwombaji aonyeshe kwamba mtoto yuko chini ya miaka 18, anaishi naye, au anaishi na mzazi mwingine aliye raia au mkaazi wa kudumu na yeye anakutana naye ana kwa ana. Simu za video za kila Jumapili hazitoshi.

Aliye na kibali halali, Kiingereza cha kiwango kinachotakiwa na uwezo wa kujikimu bila msaada wa serikali anapita njia ya miaka 5 kufikia ukaazi wa kudumu. Aliyepitiliza muda, au asiyetimiza sharti la kipato au lugha, akishinda kwa sababu si busara mtoto aondoke, anawekwa kwenye njia ya miaka 10: vibali vinne vya miezi 30 kila kimoja. Kwa ada za mwaka 2025, kila ombi ni pauni 1,321, na juu yake ada ya huduma za afya pauni 1,035 kwa mwaka, yaani 2,587.50 kwa kibali kimoja. Jumla pauni 3,908.50, mara nne. Mwishoni kuna pauni 3,029 za ukaazi wa kudumu. Ukijumlisha, mama mmoja wa kufanya usafi ofisini usiku anaambiwa atoe pauni 18,663 katika muongo mmoja, kabla hajamlipa wakili hata senti. Kwa vile vibali vya miezi 30, asiye na uwezo anaweza kuomba kusamehewa ada, akionyesha taarifa za benki na matumizi yake ya kila mwezi. Wengi hawajui msamaha huo upo, wanakopa.

Kibali chenyewe kwa kawaida kinakuja na sharti la kutopata misaada ya serikali. Akikwama kweli kweli, anaweza kuomba sharti liondolewe kwa sababu ya umaskini au ustawi wa mtoto. Na halmashauri ya eneo lake ina wajibu, chini ya sheria ya watoto ya mwaka 1989, wa kumsaidia mtoto mwenye shida hata kama mzazi hana kibali. Lakini mzazi anayeogopa ofisi za serikali hafiki huko mpaka mambo yameharibika.

Kinachoamua maombi haya zaidi ya ufasaha wa wakili ni makaratasi madogo madogo. Barua ya shule inayosema "mtoto huyu ni mwanafunzi wetu" haisaidii. Inayosaidia inataja nani anamleta asubuhi na kumchukua jioni, nani alikuja kikao cha wazazi, nani anapigiwa simu mtoto akiumia. Kile kitabu chekundu cha kliniki chenye chanjo za mtoto, barua ya daktari inayotaja mzazi anayempeleka, picha zenye tarehe, miamala ya benki ya pesa za sare na chakula: vyote hivyo vina uzito. Baba aliyetengana na mama wa mtoto yuko kwenye hali mbaya zaidi. Mama akikataa kumpa ushirikiano, kibali chake kinategemea hasira za mtu. Njia ya kutoka hapo ni amri ya mahakama ya familia inayompa siku maalumu za kumwona mwanawe. Baba anayesubiri hadi barua ya kukataliwa ifike ndipo aende mahakamani, anaonekana anamtafuta mtoto kwa ajili ya kibali, hata kama si kweli.

Tarehe nazo zina wenyewe. Ukiomba kuongeza kibali kabla hakijaisha, sheria ya mwaka 1971 inakuendelezea haki zako mpaka ujibiwe, hata ikichukua mwaka. Ukichelewa, umeingia kwenye kundi la waliopitiliza, mwajiri ana sababu ya kukusimamisha, na hesabu ya miaka yako inaweza kukatika. Tangu zile kadi za plastiki za ukaazi ziachwe na kila kitu kuhamia mtandaoni, hakuna kadi mkononi ya kukukumbusha tarehe. Iandike mahali.

Aliyefungwa jela kwa kosa la jinai anapimwa kwa mizani tofauti kabisa. Kwa kifungo cha miezi 12 au zaidi, lazima aonyeshe kwamba kuondolewa kwake kutakuwa kukali kupita kiasi kwa mtoto. Kwa miaka 4 na kuendelea, hata hilo peke yake halitoshi.

Mtoto akitimiza miaka 18 kabla mzazi hajaingia kwenye njia hii, mlango unafungwa. Aliyekwisha kuingia anaweza kuendelea, mradi mtoto hajaanza maisha ya kujitegemea. Ila mama anayengoja mwanawe awe mtu mzima ili amwombee, kama alivyoona ndugu zake wa Marekani wakifanya, anakuta kanuni ya Julai 2012 kuhusu wazazi wa raia watu wazima: awe mgonjwa au mzee anayehitaji uangalizi wa kila siku, na uangalizi huo usipatikane nyumbani hata mtoto akituma pesa. Mama wa miaka 58 mwenye afya, Morogoro, hana nafasi hapo. Na Mei 2025 serikali ya Uingereza ilitangaza mpango wa kubana zaidi jinsi haki ya maisha ya familia inavyotumiwa kwenye kesi za uhamiaji.

Ulaya bara, kwa ufupi

Wiki tano baada ya hukumu ya ZH, tarehe 8 Machi 2011, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kesi ya Ruiz Zambrano, Mkolombia aliyekuwa Ubelgiji bila kibali na watoto wawili Wabelgiji. Hoja yake ilikuwa nyepesi na nzito kwa pamoja: ukimfukuza mzazi anayemlea raia mdogo wa Ulaya, umemfukuza na mtoto, na uraia wake umebaki jina tu. Kwa hiyo mzazi apewe ukaazi na ruhusa ya kazi. Mwaka 2017, katika kesi ya Chavez-Vilchez kutoka Uholanzi, mahakama ikasema kuwepo kwa mzazi mwingine aliye raia hakutoshi kumnyima mama haki hiyo. Lazima iangaliwe mtoto anamtegemea nani hasa. Kwa Mkongo wa Brussels au Mrundi wa Uholanzi, majina hayo mawili yanafaa kutajwa kwa wakili. Kwa aliyeko London hayana tena nguvu ile, baada ya Uingereza kujitoa.

Nchi nazo hujibu mapigo. Ireland ilikuwa ikimpa uraia kila aliyezaliwa kisiwani. Ilipoonekana wazazi wageni wanapata ukaazi kupitia watoto hao, kura ya maoni ilipigwa Juni 2004, karibu asilimia 79 wakakubali kuibana haki hiyo.

Kabla mtoto hajafika 18

Kuna fundo moja la nyumbani ambalo halizungumzwi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo mtoto wa Wakenya aliyezaliwa Boston anabeba pasipoti zote mbili bila shida. Tanzania hairuhusu kwa mtu mzima. Mtoto aliyezaliwa Boston na wazazi Watanzania anaweza kuwa raia wa nchi zote mbili utotoni, lakini akishafikisha miaka 18 anatakiwa kuchagua. Akiuchagua wa Tanzania na kuukana wa Marekani, haki ya kumwombea mama miaka mitatu baadaye imeondoka nayo. Akiuchagua wa Marekani, mama anaweza kupata kadi ya kijani, na mtoto akirudi Dar es Salaam atapanga foleni ya wageni uwanja wa ndege na kulipia viza kwenye nchi ya babu yake. Familia nyingi hugundua hili kijana akiwa tayari amejaza fomu moja wapo.

Na fomu zenyewe, za nchi yoyote kati ya hizi, usijaziwe na mtu wa kijiweni. Uingereza, kutoa ushauri wa uhamiaji kama kazi bila kusajiliwa ni kosa la jinai. Jina la mshauri linatafutwa kwenye orodha ya wazi kwa dakika mbili. Marekani, wanaojiita wataalamu wa makaratasi wamewahi kuwaombea watu kadi wasiyostahili, na ombi likikataliwa, aliyelitia saini anaweza kupewa hati ya kuitwa mbele ya jaji.